Mia Mbili kwa Siku

Umesimama mlangoni, Baba Hafswa,
ufunguo wa pikipiki wazunguka kidoleni,
waniuliza kama naweza kushuka.
Mia mbili, wasema, kwa kukaa na mtoto tu?
Yule mama wa kule chini, nyuma ya kinu cha unga,
achukua hamsini.

Namjua. Nilifanya kazi kwake miezi saba.
Chumba kimoja, mkeka mmoja, watoto ishirini na sita,
kimya kama duka lililofungwa.
Wazazi walikisifu kimya kile.
Hawakuiona chupa ya dawa ya mafua juu ya kabati,
kijiko kimoja kwa wote, saa nne asubuhi,
wenye mafua na wasio na mafua.
Simlaumu sana. Mikono miwili, watoto ishirini na sita:
wewe ungefanyaje?

Walisema rahisi huvunja upishi.
Wali ukiungua, utateleka mwingine.
Mtoto hatelekwi mara mbili.

Basi ngoja nikuhesabie mia mbili yako.
Arubaini ni uji: wimbi, karanga,
na maziwa ya Mama Kadzo, asiyetia maji
ila mwisho wa mwezi, naye ana yake.
Kumi na tano ni maji, kwani bomba la Mikindani
lina siku zake, na siku hizo halituambii,
twanunua ya mkokoteni, dumu kwa dumu.
Sabuni. Makaa. Kodi ya chumba chenye madirisha mawili,
maana joto la Februari halibembelezwi kwa feni bovu.
Hapo zimebaki themanini, au pungufu,
na hizo ndizo ulizokuja kuzipunguza.

Ni za kujua kwamba Hafswa haumi wenzake kwa ubaya,
huuma akishikwa na usingizi;
ni za kumchukua kabla jino halijafika.
Ni za Shee, aliyekuja hapa ana miaka miwili na nusu
hana neno hata moja.
Tukamtajia kila kitu kwa jina,
kikombe, kikombe, mchanga, mchanga,
miezi mitano, nikijiona kama mwehu azungumzaye na ukuta,
hadi Jumanne moja kikombe kilipomponyoka,
akanitazama,
akasema: "Maji yametoroka."
Niliandika kwenye daftari. Lipo. Tarehe ipo.
Mamake, ambaye kutwa hushona kiwandani
suruali za watoto wa ng'ambo
asiowajua ila kwa vipimo vya kiuno,
alilisoma daftari lile wima, mkoba begani,
akaniuliza: na hii nayo walipisha ngapi?
Nikamwambia imo humo humo ndani ya mia mbili.
Alicheka. Kisha hakucheka.

Si kwamba huijui bei ya vitu.
Pikipiki yako huinyweshi mafuta ya chupa ya kando ya barabara;
wavipita vituo viwili
kufika kile unachokiamini.
Simu yako ina kava, na kava lina kava.

Nilikuwa na mengine ya kukwambia,
lakini Umazi amepita nyuma yangu na beseni la nepi,
na nimekumbuka jana jioni
aliponiomba nimwongeze hamsini.
Ana wake mmoja, wa miezi kumi na moja,
amwacha (kwa nani, ulifikiri?)
kule chini, nyuma ya kinu.
Nikamjibu nikihesabu sarafu, macho sikuinua:
mwanangu, kwani kazi yenyewe
si kukaa na watoto tu?

Ingia, Baba Hafswa. Keti kwenye hicho kiti kidogo,
ndicho kilichopo.
Mia mbili haishuki.
Na ukitaka kujua,
naanza kuona kwamba haitoshi.